Spika ya Kituo

Aliyemwita kiziwi hakuwa jirani mwenye chuki wala mteja aliyekataa gauni. Alikuwa mwanawe wa kumzaa, tena ndani ya nyumba yake mwenyewe, amesimama mlangoni na mtoto begani.

"Mama, masikio yamekwisha. Tukubali tu."

Alisema hayo kwa kupaza sauti, akitamka neno mojamoja kama mtu anayepigilia misumari.

Mama alikuwa kwenye kochi, mbele ya televisheni iliyokuwa ikinguruma. Chumbani, mjukuu wake alikuwa amelia mpaka sauti ikamkauka, na yeye hakusikia. Hilo hakuweza kulikana. Alimtazama mtoto, kope zimelowa, kifua kinaruka kwa kwikwi, akaingiwa na uchungu. Mtoto huyu yeye mwenyewe alizoea kumwita "mume wangu", kwa utani wa bibi na mjukuu, na tangu mkwewe arudi kazini kwenye duka la mikate, ndiye aliyeshinda naye kutwa, cherehani upande huu na mkeka wa mtoto upande ule. Lakini juu ya uchungu ule ilipanda hasira, na ilipanda upesi. Aliyajua masikio yake. Cherehani ikikatika uzi, yeye husikia kabla ya kuona.

"Televisheni ilikuwa juu," akasema. "Ningesikia nini humo?"

"Na kwa nini ilikuwa juu? Kwa sababu husikii."

"Ilikuwa juu kwa sababu haisemi."

Mwanawe akamtazama mkewe, mkewe akatazama sakafu. Ndipo mwanawe akalitoa lile alilokuwa ameshalipanga moyoni. Kuanzia Jumatatu mtoto angepelekwa kwa mama mmoja nyuma ya soko, anayelea watoto wa watu.

"Si kwamba hatukuamini, mama. Tunaogopa tu. Siku nyingine itakuwa moto, au maji."

Mama akageuka kuitazama televisheni. Alijua akifungua mdomo yatatoka ambayo hayarudi.

Mwanawe alikuwa kinyozi, na kwa kinyozi hakuna siri inayolala njaa. Kabla wiki haijafika katikati, habari ilikuwa imezunguka mtaa mzima, imenyolewa na kupakwa mafuta. Mwenye genge alimpa bei ya nyanya kwa vidole. Mteja mmoja aliinama hadi sikioni pake akapiga kelele, "MAMA, NIPUNGUZIE MIKONO," naye akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mikono nitapunguza, na kelele punguza wewe." Mteja akacheka, akageuka kumwambia mwenzake kwamba leo bibi amekisia vizuri.

Amekisia. Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Sasa hata akijibu sawasawa, anahesabiwa amebahatisha. Atajiteteaje mtu wa namna hiyo?

Yote yalianza na ile mashine. Kwa marafiki zake mwanawe aliitwa Injinia, kwa kuwa kila aliyenunua televisheni alimwita kuunganisha waya, na yeye aliunganisha, na mara nyingi picha ilitokea. Siku aliyoleta televisheni mpya na muziki wake wa spika nyingi, alizunguka sebuleni kama bwana harusi.

"Hii ni kei nne, mama. Wati mia sita. Halafu, tano nukta moja."

"Tano nukta moja nini?"

"Ndiyo hivyo. Tano nukta moja."

"Nauliza, nini tano, na nini moja?"

"Mama, *tano nukta moja*," akarudia, kwa mkazo. Neno asilolijua mtu hulirudia kwa nguvu zaidi, akidhani maana itatoka kwa kukamuliwa.

Mama aliomba jambo moja tu: maandishi ya mashine yawekwe kwa Kiswahili, asome mwenyewe. Yakawekwa. Kilikuwa Kiswahili cha mtu aliyekisikia kwa mbali. Kitufe cha kunyamazisha sauti kiliitwa Bubu. Kitufe cha kurudi mwanzo kiliitwa Nyumba. Lakini kilisomeka.

Tangu siku hiyo watu wa kwenye televisheni walianza kuchezesha midomo tu. Mlango ukifungwa kwenye tamthilia, ukuta wa sebule unatetema. Muziki ukipigwa, vikombe vinagongana kabatini. Ila mtu akifungua kinywa, maneno yanakuja kama yanatoka kwa jirani, tena jirani aliyefunga dirisha. Mama alilalamika. Injinia akaongeza sauti. Akalalamika tena, Injinia akaongeza tena, mpaka jioni moja akamuuliza lile swali lililoanzisha balaa lote: "Mbona sisi tunaelewa?"

Na kweli walielewa. Wao walisoma maandishi madogo yanayopita chini ya picha, ambayo macho ya mama hayakuyafikia kutoka kwenye kochi. Pasipokuwa na maandishi, walitazama simu zao.

Jumamosi mchana mkwewe alikuwa nyumbani, amepiga magoti sebuleni akipanga mfuko wa mtoto kwa ajili ya Jumatatu. Nepi, chupa, blanketi lile la njano ambalo mama alilishona mwenyewe. Mama aliliona likikunjwa na kutiwa kwenye mfuko wa kwenda kwa watu. Akainuka, akachukua rimoti.

"Mama," mkwewe akasema kwa upole, "baba mtoto alisema tusiguse mipangilio."

"Alisema pia kwamba mimi ni kiziwi. Yote alisema."

Mkwewe akarudi kukunja nguo za mtoto. Mama akabonyeza mahali palipoandikwa Mipangilio, kisha Spika. Ikatokea picha ya chumba kilichochorwa, kiti katikati, na visanduku vya spika vimekizunguka. Chini yake pameandikwa: Sauti ya majaribio. Akabonyeza.

Kisanduku cha kushoto kikawaka, na spika ya kushoto ikatoa mvumo, kama mafuta kwenye kikaango. Ukakoma. Kikawaka kisanduku cha pili, kilichoandikwa Kituo, na sebule ikawa kimya. Kikawaka cha kulia, mvumo ukaja kulia. Kisha nyuma kulia, kisha nyuma kushoto, kisha sabufa ikanguruma pembeni hadi mtoto akageuza shingo. Mzunguko ukaanza upya. Kushoto, mvumo. Kituo, kimya.

"Mwanangu, hapo umesikia nini?"

"Wapi, mama?"

"Hapo panapowaka. Kituo."

Mkwewe akaacha kukunja. Wakasubiri mzunguko mwingine. Kisanduku kikawaka, na wote wawili wakainamisha vichwa kuelekea kwenye televisheni.

"Sijasikia kitu."

"Kabisa?"

"Kabisa, mama."

"Basi karibu. Sasa tuko viziwi wawili."

Mkwewe alitaka kucheka, akauona uso wa mama, akaacha. Ule haukuwa uso wa utani. Mama alikuwa ameshika rimoti kama mtu aliyeshika shingo ya kuku.

Hapo ndipo Injinia aliingia, nywele za wateja zimemganda kwenye shati, amekuja kula. Aliona picha ya mipangilio kwenye skrini, akasahau chakula.

"Nani amefungua hapa? Mama, toka hapo. Hiyo ya Kituo hasa usiiguse. Imewekwa Ndiyo. Ukiweka Hapana, vituo vyote vinapotea, taarifa ya habari, mpira, kila kitu. Itabidi nianze kuvitafuta upya kimoja kimoja."

"Umejuaje?"

"Si imeandikwa? Kituo."

"Kaa."

"Mama, nina watu wananisubiri."

"Kaa, Injinia."

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Akakaa. Mama akaanzisha mzunguko. Mvumo ukaja kushoto. Kisanduku cha pili kikawaka.

"Umesikia?"

Akakunja uso. "Rudia."

Mama akarudia.

"Umesikia?"

"Labda sauti iko chini."

Mama akaongeza sauti. Mvumo wa kushoto ukaja kama mvua ya mawe, mtoto akaziba masikio. Kituo, kimya kilekile.

"Nakuuliza wewe mwenye masikio. Umesikia?"

"Hapana," akasema.

"Sema vizuri."

"Hapana, mama. Sijasikia."

Mkwewe alikuwa amesogea karibu na skrini, mtoto kiunoni. Aliweka kidole kwenye mchoro. "Tazameni kilipo hiki kisanduku. Kiko katikati, chini ya televisheni. Hawa wanaoita kunyamaza Bubu, si ajabu katikati wakaita kituo. Hii si ya vituo vya televisheni. Ni spika ya katikati."

Wote watatu wakatazama chini ya televisheni. Palikuwa na kitambaa cha kufuma na ua la plastiki.

"Hii mashine ilikuja na spika ngapi?" mama akauliza.

Injinia akakitazama kile kitambaa. Mama aliona kitu kinapita usoni mwake, polepole, kama maji yanayopanda kwenye kitambaa.

"Ilikuwepo moja ya kulala," akasema. "Imebandikwa karatasi nyuma, Spika ya Kituo. Nikajua ni ya kusikilizia vituo vya redio. Na sisi hapa redio hatuna."

"Ukaipeleka wapi?"

"Saluni."

"Wateja wanasikiliza redio."

"Wanasikiliza, ndiyo."

"Vizuri? Maneno yanasikika?"

"Mama..."

"Nakuuliza kama maneno yanasikika."

"Yanasikika sana," akasema, akitazama mikono yake. Kisha, taratibu, kwa sababu kazi ya waya aliipenda kweli na sasa ilikuwa inamfumbukia mbele ya macho yake, akaanza kusema kama anayejisemea. "Tano. Mbili za mbele, mbili za nyuma, na ya kati. Hizo tano. Moja ni sabufa. Na maneno ya watu yanapelekwa ya kati, ili yaonekane yanatoka mdomoni mwao. Mashine inadhani ya kati ipo. Kwa hiyo inayatuma huko, na huko hakuna kitu."

"Tangu ulipoileta."

"Tangu nilipoileta."

Mama akarudi kwenye neno Kituo, akateremka kwenye Hapana, ili mashine ijue kwamba spika ya kati haipo. Kidole chake kilisita kidogo. Kama mwanawe alikuwa sahihi, na vituo vikapotea, basi angekuwa kiziwi na mharibifu pia, na mfuko ule wa sakafuni ungekwenda zake. Akabonyeza.

Vituo havikupotea. Kwenye skrini alirudi mwanamke wa taarifa ya habari, na kwa mara ya kwanza tangu awasili katika sebule ile, akazungumza. Barabara ya juu ingefungwa kwa matengenezo, akasema, na wenye magari watumie njia ya chini. Kila herufi ilikuwa mahali pake. Mama aliteremsha sauti. Akaiteremsha tena, mpaka ikawa ndogo kuliko sauti ya mtu aliye jikoni, na bado alimsikia mwanamke yule akimtakia kila mtu mchana mwema.

Kisha Injinia akashusha pumzi, akacheka kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. "Haya, mama. Kumbe ni mashine. Yamekwisha. Mtoto abaki tu."

"Hayajaisha."

"Nimekosea, mama. Nisamehe."

"Umekosea kusoma, hilo la kila mtu. Hata mimi nimekata kitambaa upande usio wake. Lakini mashine hukuijua na ukaiamini, na mimi unanijua tangu tumboni. Ulinijaribu lini? Uliniita kwa nyuma? Ulininong'oneza jambo ukaona nimeshindwa? Ulikwenda moja kwa moja kuwaambia watu."

Akamchukua mtoto kutoka kwa mkwewe, akamfunga mgongoni.

"Twende."

"Wapi?"

"Una watu wanakusubiri."

Saluni ilikuwa imejaa, kama kila Jumamosi. Ile spika ilikuwa imelala juu ya kioo, na mtangazaji alikuwa akitangaza mpira kwa sauti safi kama maji ya mtungi. Mteja mmoja alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa. Walipomwona mama waliinuka kwa heshima, na mmoja akavuta pumzi tayari kumpigia kelele za salamu. Injinia akamwahi kwa mkono.

"Jamani," akasema. Akakohoa. "Kuhusu mama. Nilisema hasikii. Anasikia. Kosa lilikuwa langu, niliunganisha vibaya."

"Hajasikia yule wa kona," mama akasema.

Yule wa kona alikuwa amesikia vizuri, ila hakuthubutu kusema. Injinia akarudia, kwa sauti, kila neno. Uso ulimwiva. Mwenye nusu kichwa akauliza, taratibu, "Kwa hiyo, Injinia, hata ile ya kwangu uliyounganisha..." na saluni nzima ikaangua kicheko. Injinia akapanda kwenye kiti, akaanza kuifungua spika ukutani. Mtangazaji alikatwa katikati ya goli.

Mama hakucheka. Alimsubiri mpaka akashuka, spika kifuani.

"Jumatatu mtaniachia mtoto kama siku zote," akamwambia, kwa sauti ndogo ambayo ilikuwa ya wao wawili. "Akilala, televisheni nitazima kabisa. Siku ile nilipaswa kuizima, na hilo ni langu, nalibeba. Siku masikio yangu yakichoka kweli, na yatachoka, sisi sote tutachoka, njoo uniambie mimi kwanza. Tukae, tuzungumze. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Mmalizie huyo mtu kichwa."

Akageuka kwenda nyumbani. Hasira ilikuwa bado ndani yake, ila sasa ilikuwa imekaa. Mgongoni, mtoto alipumua mara mbili kwa haraka, kama afanyavyo kila anapotaka kuanza kulia, na kabla hajaanza bibi yake alikuwa ameshapeleka mkono nyuma kumbembeleza.