Turubai la Wenseslaus

"Utalipeleka wewe," Sirili alisema kwa mara ya tatu, sauti imeshajaa nyumba nzima, "na utalipeleka leo hii."

"Kwa kosa gani?" Basili akamjibu kwa sauti ileile. "Vidole vya watu nilivikata mimi?"

Mezani kati yao kulikuwa na jani la isale, bichi, limeshapigwa fundo. Uru nzima inajua: ukimfikishia mtu jani hilo umekubali kosa, na yeye hana tena ruhusa ya kukunyima msamaha. Mama yao, Mektrida, ndiye aliyelichuma mpakani mwa shamba, maana Sirili alishamwambia kwamba mdogo mtu ndiye aliyemponza Wenseslaus.

Sirili aliongoza watalii. Basili na Wenseslaus walikuwa wapagazi wake. Juma lililopita mvua ya barafu iliwashika kambi ya Barranco, juu mlimani, Wenseslaus anatetemeka homa, na hema la wapagazi limechanika vibaya. Basili akaazima fimbo mbili za mama mmoja wa Kizungu, mtalii wao, zile za kupandia mlima. Akazirefusha, akazikaza, akazisimamisha mishikio juu ili ncha zisitoboe turubai, kisha akazifunga kamba na kuzivuta hadi kwenye mawe. Turubai likasimama wima. Akamlaza mwenzake chini yake, akashuka mtoni kuchota maji. Aliporudi, turubai lilikuwa limeanguka, limemlalia Wenseslaus kwenye dimbwi la barafu, hana hata nguvu ya kujitoa. Hospitali wamemkata vidole vitatu vya mguu.

Sirili akasema fimbo hazikukazwa, zikajishusha zenyewe, na ameshamweleza hivyo bosi wa kampuni. Basili alijua maana yake. Akilibeba jani lile, hakuna mpagazi atakayelala tena kwenye hema alilosimamisha yeye.

Akatoa mfukoni vipande viwili vya kamba, akavitupa mezani.

"Mama, tazama. Kamba ikilegea haiwi hivi. Hii imekatwa kwa kisu. Mzungu alitaka fimbo zake akatembee, na huyu akaona uvivu kufungua mafundo yaliyoganda."

Sirili akageuka. Pembeni ya kabati ilisimama fimbo moja, zawadi aliyoachiwa na yule mama wa Kizungu. Akaidaka, akamtandika nayo Basili sikioni. Damu ikamchuruzika hadi shingoni. Pigo la pili likatua mkononi, mfupa ukalia. La tatu Basili akalidaka, akamvuta kaka yake na kumpiga kichwa cha pua. Wakaangukia meza, meza ikavunjika, Sirili akamng'ata bega, Basili akampiga ngumi za mdomo mpaka jino likatoka. Halafu akamkalia kifuani, akamlazia fimbo kooni na kukandamiza.

"Sema."

Macho ya Sirili yalishaanza kutoka. Basili akalegeza kidogo.

"Nilikata," Sirili akakoroma. "Nilijua unarudi sasa hivi."

Basili akainuka, akaitupa fimbo, akamgeukia mama yake. Mektrida alikuwa ameshikilia ukuta. Hakumwangalia Sirili. Akainama, akaokota jani kwenye vipande vya meza, akalifuta kwa khanga na kumnyooshea Basili.

"Lipeleke tu, mwanangu," alisema taratibu. "Kaka yako ana leseni ya kuongoza watalii. Wewe bado huna kitu cha kupoteza."

Basili akalipokea. Akaliweka juu ya shati la kaka yake lililolowa damu, akatoka, akafunga mlango.