Jeki Inazama

…na isingekuwa kivuli hiki, kivuli tu, jua la saa saba linachoma mpaka spana haishikiki, ndiyo sababu Mahamud akaisogeza pikapu hadi chini ya mwarobaini, akaweka jeki hapo, juu ya udongo uliokauka ukapasuka kama kisigino, akaupiga teke mara mbili akaona ni mgumu, akasahau, mtu anasahauje, kwamba hapa ndipo marehemu baba yake alipotilia udhu mara tano kwa siku miaka ishirini, na baada ya baba akaja Habsa, wakaja watoto, birika juu ya birika, maji yote yakanywewa chini ya gamba hilo jembamba, na sasa gamba limevunjika, jeki imeinamia upande, inazama, dramu ya breki imelala juu ya mkono wake wa kushoto na mkono hauumi, hilo ndilo linalomtisha, umekuwa kama mkono wa mtu mwingine. Alikuwa anatafuta nati moja tu. Ilianguka ikabingirika chini ya dramu, akaifuata, mkono kwanza, halafu bega, na gurudumu alilolitoa, ambalo kila dereva hulilaza chini ya chesisi ili jeki ikidanganya gari likae juu ya mpira na si juu ya mtu, ameliegemeza kwenye mti, analiona, hatua tatu, mpira mzuri kabisa, kwa sababu alitaka kumaliza kabla ya swala ya Ijumaa, na kumaliza hakumaliza, na swala nayo… "Baba Sahro, unanisikia?" Mkewe Habsa amepiga magoti karibu na kichwa chake, ananukia kitunguu na moshi, nichimbe mchanga, anauliza, hapana, ukichimba jeki nayo italala, ikilala ni bega, na baada ya bega ni kifua, "basi nipampu hii kitu," usiiguse, Habsa, wallahi usiiguse, "sasa nikae tu nikuangalie kama picha ya ukutani? Si nilikwambia ngoja fundi Ibrae? Ukasema Ibrae ako na mikono miwili na wewe miwili. Haya, leo uko na ngapi?" naye anataka kucheka, hacheki, maana Habsa amemwekea kiganja kwenye paji la uso bila kujua amemwekea. Kipaza sauti cha msikiti kinakuja na upepo, kinaondoka na upepo, …na mbuzi wenu, enyi waumini… makaburini… mnawaachilia tu… na wanaume wote wa mtaa wa Chechelesi wako huko, safu kwa safu juu ya mikeka, mabega mia mbili, sita yangetosha, sita yangeliinua gari hili kama kitanda, "ningekimbia msikitini," anasema Habsa, "lakini nikienda nikirudi, hii jeki itaningoja? Inashuka na mimi naiona." Kisha anamung'unya maneno, anayatema: "Nimwite kaka yako Abdisalan. Ni ua tu katikati yetu. Jeki ya lori la mzee iko kwake, vigogo viko kwake, na yeye Ijumaa haendi, nyonga imemkataza." Nyonga. Neno dogo hilo, watu hulisema kama wanavyosema mvua au bei ya ngamia, nyonga ya Abdisalan, na kila linaposemwa Mahamud huangalia kando, lakini leo kando hakuna, kuna chuma, kuna tope la breki, kuna mwaka ule wa ukame, sabini na moja, lori la baba limepakiwa mahindi ya kupeleka Sericho, kaka yake amelala chini yake, miguu tu inaonekana, na sauti inatoka mle chini, tulivu, "Mahamud, umeweka mawe?" na yeye amesimama mlangoni pa jiko la mama, glasi ya chai mkononi, "nimeweka, abowe," abowe, kama mdogo anavyomwita kaka mkubwa, kwa adabu, kwa mdomo mtamu wa sukari, na mawe yako pale kando ya ua, manne, angeyaweka nyuma ya magurudumu, angeyaweka tu, akimaliza glasi… lori lilisogea hatua ya mtoto, si zaidi, likaivunja nyonga. Na hospitalini, barazani, baba akauliza mawe yalikuwa wapi, na mdomo ukajibu peke yake, ulikuwa umejiandaa, ni Abdisalan alisema hakuna haja, na Abdisalan yuko pale pale juu ya machela, macho wazi. Hakusikia. Hivyo ndivyo Mahamud alivyojiambia njiani kurudi, na mwaka uliofuata, na siku walipomzika baba aliyekufa akimlaumu mwanawe wa kwanza kwa uzembe, maumivu huziba masikio, mtu aliyebanwa vile hasikii, alijiambia mpaka ikawa jambo analolijua, kama anavyojua njia ya Sericho gizani… …fungeni mbuzi wenu, enyi waumini… anasikia. Anasikia bangili za Habsa. Anasikia siafu juu ya gome la mwarobaini, mafuta ya jeki yakidondoka, tone, tone, kikohozi cha mbuzi barabarani, kila kitu, hajawahi kusikia hivi maishani mwake, mtu aliye chini ya gari ni sikio tupu… alisikia. Abdisalan alisikia. Alisikia neno kwa neno, akanyamaza, miaka kumi na miwili, na kila Idi ndugu wakizunguka sinia moja yeye huomba bakuli lake, hula pembeni, na watu wakisema ni nyonga, hawezi kukaa chini, Mahamud alikuwa wa kwanza kuitikia, naam, ni nyonga, maskini. Jeki inalia, inashuka upana wa ukucha, bega linahisi chuma. "Nimwite, nisimwite? Sema!" "Mwite." Habsa ameshainuka, vumbi la kandambili zake linamwingia machoni. "Habsa. Mwambie mwaka ule, lori la baba, sikuweka mawe. Mwambie nilidanganya. Hilo kwanza, kabla hujamwambia nimebanwa." "Saa hii? Umerukwa na akili? Na asipokuja?" "Kwanza hilo." Anamwangalia, mkono mdomoni, halafu anakimbia, na Mahamud anafuata hatua zake kwa sikio mpaka uani, anasikia hodi, anasikia shemeji, shemeji, kisha maneno yenyewe, yakipita katikati ya miti ya ua moja moja, lori la baba, hakuweka mawe, alidanganya, halafu sauti inakatika, na upande wa pili hakuna jibu, bado, na Mahamud haiti, haombi, anamwachia kaka yake kimya hicho kwa muda wowote atakaoutaka…