Gofu ya Sebuleni

Binti yao muuguzi ndiye aliyeleta mtambo wa gemu. Aliuchomeka kwenye televisheni, akasukuma meza ndogo ukutani, akamfunga baba yake kirimoti kwenye mkono wa kulia, ule uliolegezwa na kiharusi.

"Unazungusha mkono kama unapiga mpira kweli, baba. Huyo kikaragosi wa kwenye televisheni atakufuata. Daktari wa viungo amesema kila siku, bila uvivu. Na wewe mama ucheze naye, peke yake atachoka."

"Mimi na gofu wapi na wapi?" mama akacheka.

Hakuwa anatania. Mumewe, mpima ardhi mwenye sauti ya kuamrisha, kwa miaka na miaka aliondoka kila Jumamosi na mfuko wake wa fimbo, akarudi jua limeshazama. Walipokuwa wachanga kwenye ndoa, mke alimwomba amchukue. "Utafanya nini kule? Jua kali, maneno ya wanaume. Utachoshwa tu." Basi akabaki na cherehani yake, na kazi ya kusugua suruali nyeupe mpaka madoa ya majani yatoke. Halafu, mwaka ule mke alipofanyiwa upasuaji wa tumbo, mume akazitupa fimbo stoo na hakurudi tena uwanjani. Hakueleza sababu, naye mke hakuuliza, kwa kuwa aliijua. Kila mteja aliyekuja kupimwa gauni aliisikia, pini zikiwa bado mdomoni mwa fundi: mume wangu aliacha gofu akae na mimi.

Binti alipoondoka, wakaanza. Mkono wa mume ulikwama katikati, mpira ukadondokea majini. Mke naye akarusha mkono ovyo kama anayefukuza kuku jikoni. Mpira ukapaa, ukatua karibu kabisa na shimo. Watu wa ndani ya televisheni wakampigia makofi.

"Mashine mbovu hii," mume akanung'unika.

"Mbovu, au umechapwa na fundi cherehani?"

Wakacheka wote wawili mpaka mume akakohoa. Zamu ya mke ilipofika tena, mume akachukua mkongojo, akajikokota hadi nyuma yake, akauegemeza mkongojo kwenye kochi, akamshika kiwiko kwa mkono wake mzima wa kushoto. Alikishika taratibu, kama mtu aliyeizoea kazi hiyo. Kidevu chake kikatua begani mwa mkewe.

"Kiwiko, mpenzi. Siku zote nakwambia usikikunje. Eeh, hivyo. Sasa legeza magoti, kama siku ile ya kofia nyekundu."

Mke akazungusha mkono. Mpira ukatumbukia shimoni, na mume akaachia kicheko chepesi, cha kijana, ambacho mke hakuwahi kukisikia nyumbani mwake.

Yeye aliitwa mama watoto. Mpenzi hakuwahi kuitwa, hata siku ya harusi. Na kofia hakuwa nayo ya rangi yoyote.

"Nani alivaa kofia nyekundu?"

Mkono ukatoka kwenye kiwiko. "Kofia gani?"

"Umeitaja sasa hivi."

"Kichwa changu hiki, mama watoto. Tangu niugue, maneno yanachanganyika."

"Asubuhi umebishana na jirani kuhusu mpaka, ukamtajia kila jiwe lilipo. Hapo hakikuchanganyika."

Mume akajishusha kwenye kochi. "Yalishapita hayo. Alihama."

"Lini?"

"Mwaka ule wa upasuaji wako, kabla hujalazwa." Akamtazama kwa unyonge, kama anayeleta ushahidi wa kumtetea. "Na tangu ahame sijakanyaga uwanjani. Uliza mtu yeyote."

Mke akajifungua kamba ya kirimoti mkononi. Mwanamke wa kofia angemmeza, kwa shida, kama kidonge kichungu. Lakini hili la sababu ya kuacha gofu halikumezeka. Alijiona ameinama kwenye pindo la gauni la mtu, akijisifu.

Jioni akampigia binti yake simu, akamweleza. Binti akavuta pumzi. "Mama, baba mgonjwa. Anaropoka tu. Tafadhali usimbane, presha itampanda."

"Sawa, mwanangu."

Jumamosi iliyofuata alimfunga mumewe kirimoti, akamwashia televisheni, akahamia chumba cha nyuma na kazi yake. Alikuwa anampima mteja aliposikia makofi yakivuma, na sauti ya mume ikiita, "Mama watoto! Umeona? Umeona hiyo?"

Mteja akatabasamu. "Mzee wako ana furaha! Una bahati, dada. Wangu hata kuniita haniiti."

"Nyoosha mgongo," fundi akamwambia, "nikupime kiuno."