Magunia ya Urambo

Kasimiri alikuwa Mgogo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kumtukana kabla hajatua mzigo. Babu zetu walibeba pembe wakapita kwao kwenda pwani, na babu zake wakawatoza hongo ya njia ndipo wawaache wachote maji. Utani ulizaliwa hapo, na mwaka ule wa sabini na tano bado ulikuwa na meno.

Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, alishuka kwenye treni ya kutoka Urambo na magunia mawili ya karatasi chakavu za kituo cha tumbaku. Nilimngoja mlangoni pa kikundi chetu cha karatasi.

"Mgogo, simama hapo hapo. Babu yako alimtoza babu yangu shanga na kaniki. Leo wewe uko Unyamwezi. Hongo iko wapi?"

"Mpagazi hadai, mpagazi hubebeshwa," anajibu, huku ananitwisha gunia. Kisha anatoa karanga mfukoni. "Kula, mke wangu, upate nguvu za kufika Bagamoyo."

Mke wangu. Aliniita hivyo mbele ya wanawake kumi na mmoja, wote wakacheka, na mimi nikacheka kuwashinda. Nilikuwa mjane wa miaka thelathini na minne. Nilianza kumwita mume wangu kwa utani. Mwezi wa tatu utani ukawa umeniishia, lakini neno lilikuwa lile lile na sikuwa na jingine. Ndiyo taabu ya kumpenda mtani. Ukimwambia unamtaka, anacheka. Ukilia, anacheka zaidi.

Kikundi chetu cha ujamaa kilikuwa mtaa wa Cheyo, mjini, kwenye ua wa Mzee Humaidi, aliyetuachia ghala lake la zamani. Tuliloweka karatasi kwenye maji ya moto, tukaitwanga kwenye vinu kama kisamvu hadi ikawa uji, tukauchota kwa viunzi vya wavu na kuuanika. Ukikauka ni jalada la daftari la kisomo cha watu wazima. Kutwanga kila mwanamke anaweza. Kazi ilikuwa maji. Bomba la Cheyo lilitoa maji siku linapojisikia, basi yale yale tuliyatumia tena na tena. Yakitoka kwenye uji yana wino, gundi na kutu ya pini. Yanapita pipa la mchanga na mkaa, yanaingia birika la mwisho la saruji, mwenzetu Mwanamkuu anatia shabu, uchafu unazama, asubuhi tunayarudisha kazini. Mwenyekiti wetu, Apolinaria, alisema maji yale yana miezi minne na yanajua siri za kila ofisi mkoani.

Kitu kimoja hakikuzama wala kuchujika: lami. Tumbaku ya Urambo ilifungwa marobota kwa karatasi ngumu ya kaki, mbili zimegandishwa kwa lami katikati. Kwa nje ni karatasi nzuri tu. Ikiingia kwenye maji ya moto, lami inakatika vipande kama mbegu za mchicha, inaziba wavu, inazunguka na maji, halafu inatokea kwenye jalada kama upele. Apolinaria alikwisha kusema: anayetuletea lami, hatupokei tena karatasi zake.

Na nusu ya magunia ya Kasimiri ilikuwa lami.

Niliijua tangu gunia la kwanza, nikanyamaza. Ningemwambia achambue, lingebaki gunia moja, na kwa gunia moja kituo kisingempa ruhusa ya kupanda treni. Basi kila Jumatano nilitangulia uani kabla ya wenzangu, nachana pembe ya kila karatasi, yenye weusi naitoa. Niliibeba nyumbani nikazibia paa. Masika yale jikoni kwangu hapakuvuja.

Kisha malaria ikanilaza hospitali ya Kitete wiki nzima, na Jumanne ya Kasimiri ikaangukia humo. Nilipotoka, niliwakuta wenzangu wamelizunguka birika. Ofisi ya elimu ilikuwa imerudisha majalada mia mbili yenye madoa.

"Shabu umeipeleka wapi, Mwanamkuu?" Apolinaria aliuliza.

"Nimetia. Kama siku zote."

"Wanaume wa mtaani kwako wana videvu laini siku hizi," mwingine akadakia. Shabu hupakwa baada ya kunyoa, na Mwanamkuu alikuwa mtu wa haya. Alishika ukingo wa birika, machozi yakimtoka.

"Si shabu," nikasema. "Ni lami ya Urambo. Nimekuwa naichambua tangu mwanzo."

Apolinaria alinigeukia. "Tangu mwanzo? Kwa nini hukusema, mwenzetu?"

"Kwa ajili ya mume wangu."

Wakacheka. Hata Mwanamkuu alicheka, huku anafuta macho. Apolinaria alicheka mpaka akakaa chini, kisha akainuka akasema tukayamwage maji yote.

Tulichota mapya kisimani siku sita, kwa vichwa. Siku ya saba Apolinaria akaniita niandike barua. Yeye kisomo kilikuwa bado kinamhangaisha kwenye irabu. Mwenye darasa la nne nilikuwa peke yangu.

"Andika: Ndugu Kasimiri. Karatasi zako zinaharibu maji yetu. Usilete tena. Ahsante."

Akaenda zake akaniacha na kalamu. Ningeweza kuandika lolote, angeweka dole gumba. Nikiandika tusi, Kasimiri angedhani ni mchezo, Jumanne angekuja na lami yake. Nikiandika kwamba usiku silali, angewasomea wenzake kituoni wavunjike mbavu. Basi nikaandika kama nilivyoambiwa, bila kuongeza hata nukta. Mgogo akipata barua ya Mnyamwezi isiyo na tusi, nilijiambia, atashtuka, atapanda treni hata bila gunia.

Jumanne nilikwenda stesheni nimejifunga kanga mpya. Hakushuka. Gadi wa treni ndiye aliyenipa bahasha.

"Ndugu Katibu. Barua yenu nimeipata. Nasikitika kwa maji yenu. Nawatakia kazi njema. Kasimiri."

Katibu ni mimi, alijua. Kikundi kizima kilikuwa na kalamu moja. Sasa nina miaka themanini na ushee na nimeisoma hadi mikunjo imetoboka, natafuta tusi hata dogo, mpagazi, lolote. Hakuna. Ama alikasirika, ama alinijibu kwa hila ile ile yangu, akakaa Urambo akingoja nishtuke.

Siku ile treni ya kurudi Urambo hadi Kigoma ilipuliza honi jua likiwa limeinama. Nilisimama pale, bahasha kifuani, mpaka behewa la mwisho likapita, nikarudi Cheyo kutwanga.