Bastola ya Babu Yake Hashil

Babu yake mume wangu alikuwa mshona kanzu Wete, Pemba, na silaha yake kubwa ilikuwa mkasi. Hashil analijua hilo kama ninavyolijua mimi. Lakini Muatasim alipoleta posa ya binti yetu Wasan, tukasikia kuwa baba yake ni Azzan wa Ibra, ambaye majlisi yake, sebule ya wageni, imejaa panga na bunduki za ukoo, mume wangu akakosa raha. Ukutani kwetu hapa Nizwa, Omani, palikuwa na saa na kalenda ya benki. Akaniambia watatuona Wazanzibari tusio na asili, na posa itavunjika. Nikamjibu kwamba asili haipigiliwi misumari ukutani. Hakunisikia.

Akaenda kwa Marzouq, mfua fedha wa sokoni. Kwa Marzouq unapeleka vipande vyako mwenyewe, anakuungia bastola uitakayo, na haulizi kipande kimetoka wapi. Mtutu uliozibwa Hashil aliupata kwa jamaa yake wa mji wa Sur. Mpini ulichongwa kwa mti wa mkarafuu tulioletewa kutoka Pemba, na huo tu ndio uliokuwa wetu kwa haki. Bamba la fedha la kuuvika mpini tulilinunua soko la Sinaw, kwa bibi wa Kibedui aliyelitandaza chini pamoja na vikuku vilivyopinda.

Bastola ilipendeza, sitasema uongo. Haijamaliza wiki ukutani, Hashil ameshaanza kuwahadithia wageni vita alivyopigana babu yake. Mimi nilikuwa nikicheka jikoni, na sasa najuta kwamba nilicheka tu.

Azzan akaja na mwanawe. Mzee alikulia Tabora, Kiswahili chake kizuri, na akataka na mimi nikae nao, maana ndivyo walivyozoea kwao. Nikamwamkia shikamoo, nikamimina kahawa. Hashil hakungoja kuulizwa. Akaitungua bastola, akamtia mzee mkononi.

Azzan akaigeuza, akapitisha kidole kwenye pembe ya bamba, akakisimamisha juu ya msumari mmoja.

"Bwana Hashil," akasema taratibu, "msumari huu wa shaba aliupiga baba yangu mwenyewe. Bamba hili nililiuza mimi, mwaka aliougua mama yake Muatasim."

Muatasim akashtuka. Ilikuwa wazi kwamba habari hiyo hakuwahi kuisikia. Mzee alikuwa amejivua nguo mbele ya mwanawe na mbele ya wakwe, na mume wangu hakutakiwa kusema ila neno moja: kweli. Nikamkazia macho.

"Fedha hufanana, ami Azzan," Hashil akasema. "Hii ya babu yangu."

Uso ukaniwaka. Nilitamani sakafu inimeze, na bado sikufungua mdomo, kwa kuwa nilimfikiria Wasan.

"Huenda," Azzan akasema. "Macho yangu siku hizi si ya kutegemea." Akairudisha bastola kwa mikono miwili. Kisha akaomba tumsomee Fatiha marehemu mwenye bastola hiyo.

Tukainua mikono, na Hashil naye akainua. Muatasim, aliyeamini kwamba baba yake amekosea, alimsomea babu yake Hashil kwa moyo wote. Mimi nilimsomea babu yake Muatasim, aliyeupiga ule msumari, nisiyemjua hata jina, na tulipofika amin sikuweza kumtazama mzee usoni.