Kibonzo cha Mzee Ksawery

Kwi, kwi, kwi. Kitambaa kibichi kilikuwa kikisugua kitu kigumu jikoni kwa Apolonia, na nje bado giza. Alisugua polepole asimwamshe mpangaji wake, Hipolit, ambaye usiku kucha alikuwa akikohoa. Mkononi alishika kikunjo cha shati, kile kipande cheupe kigumu kinachovaliwa kwenye kifundo cha mkono na kuvuliwa wakati wa kulala. Kilijaa weusi wa penseli. Leo Hipolit anakwenda kwa mhariri, alijisemea, asiende kama mchoma mkaa.

Kulipopambazuka Hipolit alitoka chumbani na mkono mmoja wa shati ukining'inia.

"Mama, kikunjo changu cha kulia umekiona?"

"Kiko mezani. Kimetakata hicho."

Hipolit akakichukua, akakigeuza, akaketi. Hakupandisha sauti.

"Mzee Ksawery alikuwa hapa," alisema, akigusa mahali palipofutwa penseli.

Apolonia aliacha kukata mkate. Alikuwa dobi mwaka wa thelathini sasa, na kila dobi wa Warsaw alijua kwamba wachora vibonzo huchora kwenye vikunjo vya shati, kwa sababu wakurugenzi wa maigizo hawataki kuona karatasi kwenye mazoezi. Miaka mitatu Hipolit amekaa kwake, na Apolonia hajawahi kufuta kitu bila kumwuliza. Siku hii moja aliona amwache alale.

"Mwanangu," alisema. "Nimefanya nini."

"Ulitaka kunisaidia."

Kesho, Jumamosi, ilikuwa zamu ya Ksawery Bielawa, lile onyesho moja kwa mwaka ambalo mapato yake humwendea mwigizaji. Mzee alikuwa amechekesha watu miaka arobaini. Lakini safari hii mkurugenzi alimwambia wazi: viti vikijaa, utabaki nasi majira ya baridi, visipojaa, tutaagana. Tiketi hazikuwa zikienda. Tangu makaa ya mawe yapande bei, watu walinunua makaa kwanza. Hipolit aliamini kibonzo kizuri kwenye gazeti la Jumamosi asubuhi kingewakumbusha watu. Na kibonzo chochote, kabla ya kuchapwa, sharti kipate muhuri wa mkaguzi wa serikali, na mapokezi ya Ijumaa hufungwa saa sita mchana.

Hipolit alijaribu kuchora kwa kukumbuka. Ikatoka pua. Pua ile ile kubwa kama kiazi ambayo kila mtu alikuwa ameshaichora.

"Hii mhariri atanirushia," alisema. "Jana nilikuwa nimeona kitu kingine, sijui hata nikuelezeje."

Apolonia akavaa shali. "Twende kwake. Mashati yake nafua mimi, atatufungulia."

Walimkuta Ksawery kwenye chumba chake cha juu, miguu ndani ya beseni la maji ya moto na haradali, blanketi mabegani. Mafua yalikuwa yamemkaa kifuani. Mezani palikuwa na chai na kichwa cha samaki wa chumvi.

"Mama Apolonia! Umekuja kuchukua na shati nililovaa?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Nimekufuta."

Alipoelezwa alicheka mpaka akakohoa. "Kuna watu wamejaribu miaka mingi kunifuta, mama. Wewe umeweza kwa kitambaa." Kisha akamgeukia Hipolit. "Nivae kofia? Nikuvutie mdomo?"

"Usifanye chochote, mzee. Kunywa chai yako."

Hipolit alichora. Apolonia aliongeza maji ya moto kwenye beseni, taratibu, pembeni, yasimchome. Ksawery aliinua uso kumshukuru, na wakati huo penseli ikaenda mbio. Kilichotoka kilikuwa kibonzo, mabega makubwa na miguu myembamba kama ya kuku, lakini macho yalikuwa ya mtu anayesubiri kuambiwa jambo.

Walitoka hapo wakikimbia. Kwa mkaguzi palikuwa na foleni. Tarishi mmoja mzee alimwona Apolonia anavyohema, akampa kiti chake. Mpaka zamu yao inafika, saa ya ukutani ilionyesha dakika kumi kabla ya saa sita.

Karani aliitwa Zotov. Alikuwa na wino vidoleni, akaushika mchoro kwa ncha za kucha usichafuke.

"Huyu nani?"

"Ksawery Bielawa, bwana. Mchekeshaji."

"Namjua. Mke wangu alimcheka hadi akapaliwa. Lakini huyu hachekeshi." Akaisoma fomu aliyoijaza Hipolit. "Umeandika kibonzo. Mimi naona mzee mwenye njaa, miguu kwenye beseni. Watu watauliza anafanya kazi kwa nani, na jumba lile la maigizo ni la serikali."

"Wakiuliza kuna ubaya gani?" alisema Apolonia.

"Na mama huyu ni nani?"

"Dobi wake," alisema Hipolit upesi.

"Dobi." Zotov alipumua. "Sikiliza, bwana. Mwekee ile pua. Mtoe beseni, mvishe kofia. Mimi sina neno na wewe."

Hipolit alimtazama Apolonia. Naye aliwaza viti vitupu vya kesho, akaitikia kwa kichwa. Basi Hipolit akainama pale pale kwenye meza ya karani, akafuta beseni, akachora kofia, na juu ya uso ule akabandika pua kama kiazi. Alipomaliza, masikio yake yalikuwa mekundu.

Zotov alitabasamu. "Sasa ndiye yeye." Akachukua muhuri, akausogeza kwenye wino, kisha mkono ukasimama.

"Ila mchoro umebadilika. Uliobadilika ni mpya. Mpya huandikwa upya kwenye kitabu cha mapokezi." Akainua macho ukutani. "Saa sita na dakika nne."

"Bwana, umeniona nikichora mbele yako."

"Nimekuona. Jumatatu nitaupiga muhuri wa kwanza, nakuahidi." Na alionekana kusema kweli.

Njiani, kwa aibu, Hipolit hakuweza kupanda tena ngazi za Ksawery. Alikwenda kumwambia mhariri, na Apolonia akapanda peke yake na mchoro. Alimweleza mzee yote, hakuficha hata kwamba yeye ndiye aliyekubali ile pua.

Ksawery alijifuta miguu, akauchukua mchoro, akausogeza dirishani. Aliweka kidole juu ya pua kuifunika, akatazama kilichobaki kwa muda mrefu.

"Hipolit ana jicho," alisema. "Mwambie sijakasirika. Kesho nitacheza. Hata wakiwa kumi, kumi wamelipa."

"Mimi nitakuja, na majirani zangu wawili."

"Hao ni watatu." Alimfungulia mlango, akamshikia shali aivae vizuri, kwani ngazini palikuwa na upepo. "Na baadaye upite tena, mama. Pita Jumanne. Zamani Jumanne nilikuwa na mazoezi." Akafikiri kidogo. "Au Jumatano. Siku yoyote utakayopata nafasi, utanikuta."