Mashine Ndogo kwenye Tope la Michikichi

Wenzake wa kumwaga mbolea walimwita Chapchap kwa wepesi wa mikono yake, lakini mgongo wake ulikuwa umeshazichoka sifa hizo. Miaka nenda miaka rudi alibeba ndoo kati ya michikichi, kwenye udongo tepetepe unaomeza buti. Sasa shamba lilikuwa likijaribu mashine mbili za kumwaga mbolea ili linunue moja. Kubwa ilikokotwa na trekta la magurudumu mapana, na dereva wake alikuwa mume wa Chapchap. Ndogo ilitembea kwa minyororo kama tingatinga, na aliyefundishwa kuiendesha ni Chapchap mwenyewe. Ikichaguliwa kubwa, anarudi kwenye ndoo.

"Hicho kitoto chako nitakivuta kwa kamba mpaka nyumbani," mumewe alimtania asubuhi.

"Wewe tangulia tu, baba watoto. Tutaonana hukohuko."

Ardhi ilikuwa imekauka kidogo. Trekta likapita likitamba, na mashine ndogo ikafuata polepole. Bwana shamba alikuwa ametandaza sinia chini zikinge mbolea, apime ni mashine ipi inayomwaga sawasawa. Alipokuja na mizani, sinia zote zilikuwa tupu, zimefutwa zikang'aa.

"Nani amegusa sinia zangu?"

Mama mkwe wa Chapchap, mkongwe wa genge lile la mbolea, akajitokeza kifua mbele. "Mimi, mwanangu. Mbolea ikiangukia pembeni tunaizoa, tunairudisha shinani. Ndivyo ulivyotufundisha."

Genge zima likaangua kicheko, na bwana shamba mwenyewe akashindwa kujizuia. Jaribio likaahirishwa hadi kesho yake, na jioni ile mvua ikashuka, tena si ya mchezo.

Asubuhi trekta liliingia kwa mbwembwe zilezile, likafika katikati ya michikichi, likakaa. Mumewe alivyozidi kukanyaga mafuta ndivyo magurudumu yalivyozidi kujichimbia, mpaka tope likafika kwenye ekseli.

Ikawa zamu ya Chapchap. Mashine ilizama kidogo, ikayumba, akaogopa kweli. Kisha minyororo ikashika, ikasonga, mbolea ikiruka kulia na kushoto. Mama mkwe alisimama kando ya sinia, mikono nyuma, akijizuia kwa taabu.

Bwana shamba akapima sinia moja baada ya nyingine. "Zimelingana," alisema. "Tunachukua hii. Na dereva wake ni wewe."

Chapchap alitaka kujibu kwa heshima, kicheko kikamponyoka, na machozi juu yake. Akarudi kuketi kwenye kiti cha mashine. Mumewe akaja akijikokota, tope mpaka kiunoni, anatabasamu.

"Haya, dereva, nibebe basi mpaka karakana."

Chapchap alimtazama juu mpaka chini, kisha akaitazama mashine.

"Panda," alisema. "Ila futa miguu kwanza."